Maziwa Ndani ya Sufuria ya Mikebuka

– Ule mama anakulaka samaki, ao hapana?

Papa Rashidi aliuliza bila kuinua macho kwenye wavu aliokuwa anaushona barazani. Bushira, binti yake, alikuwa amekaa mlangoni na daftari la biolojia magotini, amelishika kichwa chini miguu juu. Ukurasa mzima wa seli za damu ulikuwa umesimama kwa kichwa, naye anautazama kama mtu anayeelewa.

– Mama gani, Papa?

– Usinichekeshe. Mama ya ule kijana wa Minembwe, wa milimani. Sebineza wako.

Hilo neno "wako" lilimpanda Bushira mpaka masikioni. Mama Hawa, mama yake, akaacha kupepeta mchele. Hata kuku walisimama kusikiliza. Lakini kuku wa hapa Baraka ni wambea, hao hatuwahesabu.

– Sijui kama anakula, Papa.

– Utajua. Umwambie kijana aje naye hapa siku ya jumapili. Mambo ya musikiti na kanisa, bamashehe na bapasta batayapigania, ni kazi yabo. Mimi niko na neno moja: akae kwa meza yangu, akule samaki ya ziwa yangu. Akikula, nitajua banakuona wewe ni muntu. Akikataa, napigia Ali simu kule Kazimia, aje na bazee yake.

Ali wa Kazimia alikuwa na mashua mbili za injini na jino moja la dhahabu, na alikuwa amemsubiri Bushira kwa adabu tangu zamani. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomtisha Bushira. Mtu mbaya unamkataa na watu wanakuelewa. Mtu mzuri usiyempenda utamkataa kwa sababu gani?

Bushira alikuwa na miaka ishirini na mmoja, Sebineza ishirini na nne, na wote wawili walikuwa bado wanavaa shati jeupe la shule. Usiwacheke. Vita vilikula miaka yao ya masomo, mmoja akiwa kambini Tanzania, mwingine akihamahama na ng'ombe za baba yake. Waliporudi darasani walikuwa watu wazima wenye kalamu, na sasa walikuwa sixième, mwaka wa mwisho, biolojia na kemia, kwenye shule ya Wakatoliki pale Baraka: binti wa Kiislamu na kijana wa Kiprotestanti, wakisali Salamu Maria kila asubuhi ili wasigombane na Préfet, mkuu wa shule.

Walipendana kwenye hadubini. Shule ilikuwa na hadubini moja tu, na Sebineza alikuwa akiweka jicho moja kwenye kioo, jicho la pili likimwangalia Bushira. Halafu mwalimu wa Kiingereza akawaweka pamoja kufanya mazungumzo ya sokoni: yeye anauza ndizi, Bushira ananunua. Ndizi zile hazikwisha. Waliendelea kuziuza kwenye simu, kwa Kiingereza, mbele ya wazazi wao bila woga. Mama Hawa alikuwa akiwaambia majirani:

– Mutoto yangu anasoma mupaka kwa simu. Nasikia tu "lavu, lavu." Ile iko chimie ya nguvu.

Jioni ile Bushira alimwandikia Sebineza:

"Papa anataka mama yako aje jumapili. Na akule samaki."

Jibu lilichelewa. Kisha:

"Weeee. Mama hajakula samaki hata siku moja. Anasema ni nyoka ya maji."

"Akule hata mukia tu. Nakuomba. Papa ameshika simu ya Ali mukononi."

"Bushira, kuna ingine. Mama na yeye alikuwa anataka kukuona. Ataleta maziwa ya ng'ombe ya Mujomba hapa kilimani, ya asubuhi ile ile. Unakunywa mbele yake, vile imetoka kwa ng'ombe, bila moto. Njo namna anapokeaka mukamwana, bibi ya mutoto wake. Bibi ya kaka zangu wote walipita hapo."

Bushira aliusoma ujumbe huo mara ya pili. Wiki iliyopita tu Masera Espérance, yule sista mfupi mwenye sauti ya tarumbeta anayefundisha biolojia, alikuwa amegonga ubao na fimbo yake.

– Maziwa mabichi inaweza kubeba kadudu kadogo, kenye hakaonekane na macho. Ng'ombe akikapata, anatupa mimba. Muntu akikunywa, anapata homa ya kwenda na kurudi. Na mama mwenye mimba akikunywa?

Masera akatazama benchi moja baada ya jingine.

– Na yeye anaweza kupoteza. Sasa tufanye nini?

– Kuchemsha, Masera!

– Mupaka wapi?

– Mupaka ipande!

– Na nyinyi batoto ya milimani huko nyuma, mbona mumemeza ndimi?

Sebineza alikuwa ameinamia meza kama mtu anayetafuta sarafu. Na Bushira siku ile aliwaza mtu mmoja tu: dada yake mkubwa, yaya Jamila, aliyekuja kujifungulia nyumbani. Tumbo la yaya Jamila lilikuwa limetangulia mbele yake kama mgeni, na kila kinywaji kilichowekwa karibu naye alikinywa, hata maji ya mchele.

Bushira akampigia Sebineza, safari hii bila Kiingereza.

– Mimi ntaweka mudomo tu, ntasukuma kikombe. Yaya Jamila je? Ule atakunywa yote na kulamba chini.

– Umwambie akatae.

– Mugeni analeta maziwa, mama wa mimba anakataa mbele ya macho yake? Si mama yako atasema tunamwona muchawi?

– Basi. Lakini usichemshe, Bushira. Vijana banachemshaka, bakubwa ya zamani hapana. Mama anajua ile maziwa ikipita kwa moto, ng'ombe mwenyewe anakauka. Na ikigusana na samaki, njo mbaya zaidi. Anaamini vile anaamini Biblia.

– Na wewe? Kwa interro ya Masera uliandika nini?

– Niliandika kuchemsha.

– Alikupa pointi?

– Alinipa yote. Lakini Bushira, interro haina mama.

Bushira alikata simu. Kisha akaitazama, akitumaini itaita tena. Haikuita.

*

Jumapili, kanisa lilipotoka, Mama Kabagwira, mama yake Sebineza, aliingia uani kwa Rashidi. Alikuwa mrefu, mtaratibu, kitambaa chake kimefungwa begani, na mkononi kashika kile chombo cha mti wanachokiita icyansi, chenye mfuniko wa kusukwa kama kofia ndogo. Alikibeba kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Nyuma yake Sebineza, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake, macho hayajalala.

– Karibu, Mama. Karibu sana, alisema Papa Rashidi.

– Aksanti, Papa Rashidi. Nyumba yenu iko karibu na maji sana. Hamuogope?

– Maji njo shamba yetu, Mama.

– Haya. Kila muntu na shamba yake.

Walikaa. Mama Hawa alikuwa amepika kama wa Idi: wali, bugali, sombe ya majani ya muhogo kwa mawese, na katikati ya meza samaki, mikebuka ya kukaanga, mizima na vichwa vyake, midomo wazi. Mama Kabagwira alinawa, akashukuru, akachukua bugali na sombe. Mkono wake ukawa unaizunguka ile sahani ya samaki kama unavyomzunguka mbwa aliyelala njiani.

Papa Rashidi aliona. Bushira aliona kwamba Papa ameona. Sebineza akamkanyaga mama yake mguu chini ya meza. Akakosea, akamkanyaga yaya Jamila.

– Aii!

– Mama, alisema Papa Rashidi kwa upole ule unaotisha, samaki inakuogopesha?

– Inaniangalia, Papa. Kwetu chakula haiangaliake muntu.

– Tunaweza kugeuza kichwa.

– Itaniangalia na ile jicho ya pili.

Mama Hawa akacheka peke yake, kisha akakohoa kuficha. Papa Rashidi hakucheka. Simu yake ilikuwa kando ya sahani, na kidole chake kimoja kilikuwa kinaipigapiga taratibu.

– Papa Rashidi, akasema Mama Kabagwira, mimi si muntu wa dharau. Nimekuja na kitu yangu. Mukamwana akunywe ya kwangu kwanza, na huyu dada yake wa tumbo pia, maziwa itamupa nguvu. Kisha na mimi nitaona habari ya samaki yenu.

– Aksanti! akasema yaya Jamila, tayari amenyoosha mkono.

– Ngoja! Bushira alisimama haraka hata kiti kikaanguka. Ngoja niende kutafuta vikombe.

Akachukua icyansi kwa mikono miwili, akatoka nayo nyuma ya nyumba. Sebineza alimwangalia akienda. Alijua. Alifumba macho.

Mbabula, jiko la makaa, ilikuwa bado na makala mekundu. Birika limejaa chai. Sufuria kubwa ina wali, ya pili ina sombe. Moja tu ilikuwa tupu, imeinamishwa ukutani: ile ambayo mchuzi wa mikebuka ya asubuhi ulipikwa ndani yake. Bushira akaipiga majivu, akaipiga sabuni, akaisuuza mbio mbio. Hesabu yake ilikuwa fupi: ichemke, ipoe ndani ya beseni la maji, irudi kwenye icyansi, nani atajua? Akamimina.

Maziwa yanajua mtu mwenye haraka. Yalikaa kimya, yakakaa, yakakaa. Bushira akasogea ukutani kusikiliza ndani.

– Huyu binti ametengeneza vikombe ao anavinunua? ilikuwa sauti ya Mama Kabagwira.

– Anakuja, Mama, anakuja, alisema Sebineza.

Ndipo nyuma yake ikasikika: tssssss.

Maziwa yalikuwa yamepanda, yakamwagika juu ya makala, na moshi mweupe ukaingia ndani ya nyumba kabla ya Bushira kufika kwenye sufuria. Mtu aliyezaliwa kati ya ng'ombe anaweza kukosa harufu zote za dunia, hiyo hapana.

– Nani anachoma maziwa?

Walitoka wote: Mama Kabagwira mbele, Sebineza, Papa Rashidi, Mama Hawa, na yaya Jamila mwisho na kipande cha samaki mkononi. Bushira alikuwa amesimama na sufuria, pembe za kitenge chake zikitumika kama kitambaa, maziwa yakimtiririkia kwenye vidole, hata hasikii moto.

Mama Kabagwira aliangalia sufuria kwa muda mrefu.

– Hii ni sufuria ya nini?

Mama Hawa, ambaye uongo haukumjua vizuri, akajaribu.

– Ya chai, Mama.

Mama Kabagwira akainama, akanusa, akanyanyua kitu kidogo kinachong'aa ukingoni kwa ncha ya kidole.

– Chai ya huku iko na magamba?

Akachukua icyansi yake tupu, akaifunika kile kikofia chake kwa heshima kama anamfunika maiti.

– Sebineza, tuende. Ng'ombe ya kaka yangu imechinjwa leo mbele ya macho yangu, na kisu haikuonekane.

– Mama, ngoja...

– Nimesema tuende.

– Waache baende! Papa Rashidi naye alikuwa amewaka. Samaki yangu ameikimbia kama ukoma, maziwa yake ndio iwe malaika? Akapanda juu ya jiwe la kufulia, mahali pekee uani ambapo réseau ya simu inashika vizuri, akaiweka sikioni. Allo? Allo, Ali? Allo!

Bushira alisikia simu ikiita ng'ambo. Alimwona Mama Kabagwira anafika kwenye mlango wa uzio. Miguu yake ikamtoa mbio, akamshika Sebineza mkono. Maneno aliyokuwa nayo hayakuwa ya kusemwa mbele ya baba: mimba, tumbo la dada, damu ya wanawake. Kwao msichana hasemi hayo mbele ya mzee wake, hata nyumba ikiungua. Basi akakimbilia kule walikojificha siku zote. Akasema kwa Kiingereza, kile cha shule, neno baada ya neno:

– Mwambie mama yako. Maziwa mabichi inaweza kuua bebi. Bebi ya ng'ombe. Bebi ya mama. Dada yangu ana bebi tumboni. Niliogopa, ni hiyo tu.

– Siwezi kumwambia mambo kama hiyo, Sebineza alijibu kwa Kiingereza hicho hicho, akikaribia kulia. Ni mama yangu.

– Basi aende akifikiri mimi ni mchafu. Na wewe umfuate, mpenzi wangu. Sitakulaumu.

Mama Kabagwira alisimama. Mgongo wake ulikuwa kwao. Akageuka polepole, na kutoka mdomoni mwake, kwa taratibu ya mtu anayevuka mto, kikatoka Kiingereza:

– Bebi? Bebi gani inakufa?

Sebineza aliachia mdomo wazi kama ile mikebuka mezani.

– Mama... unasikia Kiingereza?

– Kaka yako Darius iko Amerika na batoto yake. Wale bajukuu hawajue Kinyamulenge, hawajue Kiswahili. Kila jumapili wananiita kwa WhatsApp, mimi ningewajibu na nini, na mbuzi? Nimesoma kwao. Akamkazia macho. Na ile simu yako ya kila siku nyuma ya zizi nilisikia yote. "Mpenzi wangu, macho yako." Nilijua si hesabu munafanya.

Sebineza akatafuta mahali pa kuweka uso wake, hakupata. Bushira alitamani ardhi ifunguke. Ardhi ya Baraka ni mchanga, ingefunguka vizuri, lakini haikumsaidia.

– Papa Rashidi, akasema Mama Kabagwira, endelea na simu yako pale juu ya jiwe. Na wewe Sebineza, mufuate. Hapa ni mambo ya bamama.

Walipobaki wanawake, alikaa juu ya kigoda kando ya mbabula. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

– Sasa sema na Kiswahili. Pole pole. Ng'ombe ikitupa mimba, inakuwa namna gani?

Bushira akaeleza: kale kadudu, maziwa mabichi, ng'ombe, mama, moto unaokaua. Alieleza vibaya, akarudia, akachanganya na Kifaransa cha Masera. Mama Kabagwira hakumkatiza.

– Ng'ombe njo wanaanza?

– Mara mingi, Mama. Njo wanaanza, bantu banafuata.

– Kulikuwa mwaka mumoja, Mama Kabagwira alisema. Darius alikuwa anatembea, huyu Sebineza hajazaliwa bado. Ng'ombe zetu zikaanza kutupa. Hii leo, ile kesho. Na mimi nikatupa. Nikapata ingine, nikatupa. Mama-mukwe akasema ni mimi nimeleta. Nikakatazwa kukamua. Nikakatazwa kupita mbele ya zizi, nizunguke kwa nyuma, na mvua ao jua. Mupaka alipokufa nilikuwa nazunguka.

Mama Hawa akaweka mkono mdomoni.

– Na ile maziwa, Mama, ulikuwa unakunywa? Bushira aliuliza kwa sauti ndogo.

– Kila siku. Walinipa mingi zaidi, nipate nguvu.

Makala yakapasuka, ta. Bushira alitaka kusema kitu kikubwa, cha kitabuni, lakini kilichotoka kilikuwa kidogo.

– Siwezi kuapa, Mama. Sikukuwa pale. Lakini kufwatana na vile Masera anatufundisha... si wewe.

– Si mimi?

– Si wewe, Mama.

Mama Kabagwira alikaa hivyo, icyansi magotini, akipapasa mfuniko kwa kidole gumba. Hakulia. Alikuwa anaangalia mlango wa uzio kana kwamba kuna zizi pale, na mtu anapita mbele yake bila kuzunguka.

– Samahani, akasema yaya Jamila baada ya muda, kwani njaa yake haikuwa na subira. Kwa hiyo hii yenye imechemka, mimi naweza kunywa?

Mama Hawa akamkata jicho. Lakini Mama Kabagwira alitoa sauti ya ajabu, na walipomwangalia vizuri, kumbe anacheka.

– Leta vikombe, mukamwana.

Bushira alisikia neno hilo likimpita mgongoni kama maji baridi. Akaleta vikombe. Mama Kabagwira akamimina mwenyewe, kwanza kwa yaya Jamila, kisha kwa Bushira, kisha, taratibu, kwake. Alikinusa kikombe, akakunja pua, akakiangalia kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Akanywa. Yote.

– Mbaya, alisema. Inanukia ziwa.

Papa Rashidi, pale juu ya jiwe, alikuwa ameshapata laini.

– Anakunywa nini ule? aliuliza, kiganja kimefunika simu.

– Maziwa yake, alijibu Mama Hawa. Ya ndani ya sufuria ya mikebuka.

– Ile yenye mchuzi?

– Ile yenyewe. Na gamba moja nimeliona linashuka.

Papa Rashidi alifikiri. Mashavu yakaanza kumcheza, mabega yakafuata, na mwishowe akacheka mpaka akashuka kwenye jiwe asianguke.

– Basi amekula! Wallahi amekula samaki yangu!

Kwenye simu sauti ilikuwa inaita: "Allo? Papa Rashidi? Allo?"

– Ee, Ali, mwanangu! Hapana, hakuna neno. Nilitaka tu kukusalimia. Ziwa iko namna gani huko kwenu?

*

Lakini Mama Kabagwira hakuondoka bila kuacha mwiba.

– Binti, moyo yangu imesikia, alimwambia Bushira mlangoni. Lakini ng'ombe ni ya kaka yangu, na yeye hakusoma kwa Masera. Nitamwambia kweli yote, siwezi kumuficha. Ng'ombe akikauka mbele ya mwezi mupya kuonekana, atakataa ndoa hii, na sababu baba ya Sebineza hayuko tena, bila yeye hakuna mwenye atapeleka ng'ombe ya mahari. Nitakuambia mimi mwenyewe kwa simu.

Siku zile Bushira alikonda. Biolojia ilimwambia kwamba moto wa Baraka hauwezi kufika kwenye titi la ng'ombe aliye mlimani. Lakini biolojia hiyo hiyo ilimwambia pia kwamba ng'ombe anaweza kukauka kwa kukosa majani, kwa homa, kwa kushtuliwa na risasi za mbali, kwa uzee tu. Na akikauka kwa lolote katika hayo, nani atamsikiliza msichana akieleza? Kila mvua ilipokosa kunyesha alitazama kilima. Mvua iliponyesha sana, alitazama tena.

– Ule ng'ombe anakula vizuri? alimuuliza Sebineza kila asubuhi kwenye geti la shule.

– Anakula.

– Unamwona na macho yako?

– Bushira, nimelala zizini. Namkatia majani kama yeye njo mwenye atafanya examen.

Mtihani wa serikali ulikuwa umekaribia, na Masera Espérance alikuwa anawarudishia masomo yote, mchana kutwa. Simu zilikatazwa darasani. Ya Bushira ilikuwa ndani ya mfuko, imefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Mwezi mwandamo ulikuwa unatarajiwa jioni ile.

Alasiri, kimya kimeshika darasa, meza ya Bushira ikanguruma. Brrrr.

– Leta, alisema Masera bila kugeuka kutoka ubaoni.

Bushira alikwenda na simu kama mtu anayepeleka shingo. Masera akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena, midomo ikitembea.

– Nani huyu anakuandikia "KAU GUDI"?

Darasa likapasuka kicheko. Kwenye benchi la nyuma Sebineza akasimama bila kuitwa.

– Wewe nani amekuita?

– Ni mama yangu, Masera. Anaandika Kiingereza vile anasikia.

– Basi kuja utusomee, tufaidike.

Sebineza alikwenda mbele. Alishika simu kwa mikono miwili, kama Bushira alivyoshika icyansi siku ile. Alisoma herufi kubwa za mama yake, kisha akazigeuza kwa Kiswahili:

– Anasema... ng'ombe mzima. Anasema maziwa imeongezeka. Anasema sasa anachemsha kila siku, na Mujomba amekunywa, akauliza mbona hainukie samaki. Anasema Mujomba anatafuta kamba ya kumuletea Papa Rashidi ng'ombe ya mahari. Na mwisho ameandika: "Bebi, kuja nyumbani. Pita mbele ya zizi."

Darasa halikuelewa. Bushira alielewa.

Masera Espérance akageukia ubao, akajifanya anafuta kitu pale pasipoandikwa kitu. Alifuta muda mrefu. Alipowarudia, miwani ilikuwa mkononi.

– Kiingereza, sifuri, alisema. Biolojia, pointi zote. Nendeni mukae. Na simu utaichukua ijumaa, Bushira, usifikiri nimesahau.

Bushira alirudi kwenye benchi, akafungua daftari lake. Lilikuwa kichwa chini miguu juu. Safari hii aliliona, akaliacha hivyo hivyo.